Maisha ya John von Neumann na Ghala ya Kumbukumbu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri alipotutaka tuandike habari za maisha ya watu mashuhuri wa zamani, wenzangu wengi walichagua wafalme na majemadari. Mimi nimechagua mtu wa hesabu. Jina lake ni John von Neumann, aliyefariki mwaka 1957. Sababu za kumchagua ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kompyuta zilizomo katika chumba chetu cha kompyuta, na hata simu iliyo mfukoni mwa mzazi anayesoma gazeti hili, hutunza kumbukumbu kwa kufuata wazo alilolieleza yeye. Sababu ya pili ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe muhula huu, nalo nitalieleza mahali pake.

John alizaliwa tarehe 28 Desemba 1903 katika mji wa Budapest, nchi ya Hungaria. Wazazi wake, waliokuwa Wayahudi, walimpa jina la János. Alikuwa wa kwanza katika watoto watatu, wote wa kiume. Baba yake, Max, alikuwa mtu wa benki, na nyumba yao haikupungukiwa kitu. Husimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka sita aliweza kugawanya kichwani namba zenye tarakimu nane. Husimuliwa pia kwamba wageni wa nyumbani walikuwa wakimfungulia kitabu cha namba za simu, naye husoma ukurasa kisha akautaja wote, majina na namba, bila ya kutazama. Hata kama wasimulizi waliongeza chumvi kidogo, waliomfahamu wote walikubaliana juu ya neno moja, nalo ni kwamba kitu alichokisoma hakikumtoka.

Alisoma katika shule ya sekondari ya Walutheri hapo Budapest. Darasa moja mbele yake alikuwako Eugene Wigner, ambaye mwaka 1963 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ilipofika wakati wa kwenda chuo kikuu, baba yake alikuwa na hofu ambayo wazazi wetu wanaijua vema. Aliona kwamba hesabu tupu hazimpi mtu chakula, akamtaka mwanawe asome uhandisi wa kemia. Kijana hakubishana na baba yake, wala hakuziacha hesabu. Alisoma kemia Berlin na Zürich, na wakati huo huo akajiandikisha Budapest kwa hesabu. Mwaka 1926 alikuwa na stashahada ya uhandisi mkononi na udaktari wa hesabu pia, naye hajatimiza miaka 23. Wenzangu tunaonung'unika juu ya wingi wa masomo, tulitazame jambo hilo.

Akafundisha Ujerumani kwa muda, kisha mwaka 1930 akaitwa Princeton, Marekani. Mwaka 1933, mwaka ule Hitler alipotwaa madaraka, Neumann aliingia katika kundi la maprofesa wa kwanza wa chuo cha utafiti kilichoanzishwa hapo Princeton, pamoja na Albert Einstein. Mwaka 1937 akawa raia wa Marekani. Aliandika juu ya hesabu, juu ya fizikia, na mwaka 1944 yeye na Oskar Morgenstern walitoa kitabu juu ya nadharia ya michezo, ambacho wachumi wanakisoma hata leo.

Sitaficha jambo lingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Neumann alifanya kazi Los Alamos, mahali palipotengenezwa bomu la atomu, na hesabu zake zilisaidia kulitengeneza bomu la namna ile lililoangushwa Nagasaki mwezi wa Agosti 1945, likaua maelfu ya watu. Mtu mwenye akili nyingi aweza kuitumia kwa mengi, na anayeandika maisha ya mtu hana ruhusa ya kuandika nusu.

Hesabu hizo za vita zilikuwa nyingi kupita nguvu za watu na mashine za siku zile, naye Neumann alikuwa akitafuta njia ya kuziharakisha. Kiangazi cha mwaka 1944, akiwa anangoja treni katika stesheni ya Aberdeen, afisa mmoja wa jeshi aitwaye Herman Goldstine alimtambua, akamwendea. Katika mazungumzo yao Goldstine alimweleza kwamba katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, kulikuwa kunaundwa mashine ya kukokotoa kwa nguvu za umeme. Mashine hiyo iliitwa ENIAC. Wakuu wa kuiunda walikuwa vijana wawili, J. Presper Eckert na John Mauchly. Ilikuwa na valvu karibu 18,000, za namna ile iliyokuwamo katika redio za zamani, na uzito wake ulikuwa kama tani 30.

ENIAC ilikokotoa upesi, lakini ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Namba ziliwekwa ndani ya mashine, bali amri, yaani maelezo ya kazi ya kufanya, yalikuwa katika nyaya na swichi. Kazi ikibadilika, ilibidi watu wachomoe nyaya na kuzichomeka upya, na shughuli hiyo iliweza kuchukua siku kadhaa. Eckert na Mauchly waliuona upungufu huo, nao walikwisha anza kufikiria mashine ya pili, EDVAC, ambayo amri zake zingewekwa ndani. Neumann akajiunga nao katika mashauri hayo.

Mwaka 1945 Neumann aliandika taarifa juu ya mashine hiyo mpya. Taarifa ilipigwa chapa ikawa kurasa 101, ikatiwa tarehe 30 Juni 1945. Wazo lake kubwa naomba nilieleze kwa utaratibu, maana ndilo moyo wa makala hii.

Kumbukumbu ya kompyuta ni kama ghala yenye safu moja ndefu ya visanduku. Kila kisanduku kina namba yake, nayo huitwa anwani. Ndani ya kisanduku hamna kitu ila namba. Taarifa ile ilisema kwamba amri nazo ziandikwe kwa namba, ziwekwe katika ghala ile ile pamoja na data. Basi kubadilisha kazi hakutaki tena kuchomoa waya hata mmoja. Waondoa namba hizi na kuweka nyingine, na mashine ile ile iliyokuwa ikihesabu mizinga sasa yahesabu mishahara.

Lakini msomaji mwepesi ataona hatari papo hapo. Ikiwa visanduku vyote vina namba tu, mashine itajuaje kwamba hii ni amri na hii ni data? Neumann aliliona hilo. Katika taarifa yake kila neno la kumbukumbu lilikuwa na alama mwanzoni, kuonyesha kama ni namba ya kawaida au ni amri, na programu ikiandika juu ya amri, iliruhusiwa kubadilisha sehemu ya anwani tu, si amri yote. Hapo naona mbegu ya mpango unaotumika leo.

Leo, unapoendesha programu, mfumo endeshi huipa eneo lake la anwani, na eneo hilo hugawanywa sehemu, kila sehemu na sheria zake. Kwa kawaida mpango wake ni huu.

Chini kabisa, kwenye anwani ndogo, hukaa sehemu ya amri. Hiyo yasomwa na kutekelezwa, lakini programu hairuhusiwi kuiandika juu. Ikijaribu, hukatizwa papo hapo.

Juu yake huja sehemu ya data, yaani vitu vinavyodumu tangu programu inapoanza hata inapokwisha. Navyo ni vya namna mbili. Viko vilivyopewa thamani na mwandishi, na viko ambavyo hakuvipa thamani yo yote. Vya namna ya pili havina haja ya kuandikwa katika faili. Faili hutaja ukubwa wake tu, na programu inapoanza visanduku vyake hujazwa sifuri.

Baada ya hapo huja sehemu iitwayo hipu. Hii ni kama uwanja wa kuazima. Programu ikihitaji nafasi ambayo kiasi chake hakikujulikana tangu mwanzo, huomba hapo, na ikimaliza yapaswa kuirudisha. Asiyerudisha hujaza uwanja bure, kama mwanafunzi anayeazima vitabu vya maktaba akavilundika chini ya kitanda. Hipu hukua kuelekea juu.

Sehemu ya mwisho huitwa staki, nayo huanza juu kabisa na kukua kuelekea chini. Kila programu ndogo inapoitwa huweka hapo vitu vyake, pamoja na anwani ya mahali pa kurudi kazi itakapokwisha. Ikimaliza, vitu vyake huondolewa. Kilichowekwa mwisho ndicho kitolewacho kwanza, kama sahani katika bwalo letu, ambapo aliye mbele huchukua ya juu, wala hawezi kuichomoa ya chini. Staki hii haikutoka kwa Neumann. Mwishoni mwa mwaka 1945 Alan Turing wa Uingereza ndiye aliyeeleza jinsi anwani za kurudi ziwezavyo kufukiwa na kufukuliwa kwa zamu. Turing alikuwa amesoma Princeton tangu 1936 hata 1938, na Neumann alitaka abaki kuwa msaidizi wake, lakini Turing akarudi kwao.

Pengine utauliza kwa nini hipu ipande na staki ishuke. Ni kwa sababu hakuna ajuaye mapema ni ipi itakayohitaji nafasi zaidi. Ni kama ndugu wawili waliopewa shamba moja, mmoja akaanza kulima upande wa mashariki na mwingine magharibi. Katikati ni pori, na anayehitaji zaidi hulima zaidi. Siku hizi pori hilo ni kubwa mno, hata hivyo staki huwekewa mpaka. Katika kompyuta nyingi za Linux mpaka wa kawaida ni megabaiti 8.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Muhula huu mimi na mwenzangu, anayelala kitanda cha juu yangu, tuliandika kwa lugha ya C programu ya kuorodhesha vitabu vya maktaba. Masomo yalikuwa ndani ya masomo, kwa hiyo niliandika programu ndogo inayojiita yenyewe, ishuke toka somo kubwa hata dogo. Nikasahau kuiandikia mahali pa kukoma. Kila tulipoiendesha ilikatika kabla ya kutoa hata jina la kitabu kimoja. Nilihangaika nayo siku nne. Mwenzangu ndiye aliyeona sababu, usiku mmoja tulipokuwa na zamu ya kuosha vyombo. Aliweka sahani juu ya sahani bila kuondoa hata moja, mpaka nikamshika mkono kwa kuogopa zitaanguka. Hapo nikafahamu kwamba staki yetu ilikuwa ikirundikwa bila kupunguzwa hata ikavuka mpaka wake. Tukaongeza mistari miwili, na programu ikafanya kazi.

Siku ya wazazi ilipofika, bango la programu hiyo nililiandika mimi, nikaweka jina langu peke yake. Nilijiambia moyoni kwamba sehemu kubwa niliiandika mimi. Baba yangu alisimama mbele ya bango lile muda mrefu, akafurahi sana. Mwenzangu hakusema neno.

Wiki ya pili yake, baada ya prepo, nilikuwa nikisoma habari za Neumann kwa ajili ya makala hii, nikafika mahali panapoeleza yaliyotokea baada ya taarifa ile. Goldstine aliitoa na kuigawa kwa watu wengi, na juu yake paliandikwa jina moja tu, la von Neumann. Eckert na Mauchly hawakutajwa kuwa waandishi wenza, ijapokuwa mengi yaliyomo yalitoka katika mashauri ya wote. Wao hawakuweza kuchapisha kitu, maana kazi yao ilikuwa siri ya vita. Dunia ikauita mpango ule kwa jina la Neumann, nao unaitwa hivyo hata leo. Mwaka 1946 wale wawili waliondoka chuoni kwa ugomvi wa haki za uvumbuzi. Mwaka 1973 mahakama ya Marekani ilifuta hataza ya ENIAC, na moja ya sababu ilikuwa kwamba taarifa ile ilikwisha kulitangaza jambo hadharani.

Wengine husema kwamba Neumann hakukusudia kuwanyang'anya, kwa kuwa taarifa ilikuwa rasimu isiyokwisha, na aliyeigawa ni Goldstine. Yaweza kuwa hivyo. Lakini miaka kumi na zaidi alikuwa hai baada ya hapo, na jina lilibaki moja. Niliposoma hayo sikupata usingizi, maana bango langu halikuwa rasimu, wala halikubandikwa na Goldstine.

Asubuhi nilimwendea mwenzangu, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwamba mama yake naye alikuja siku ya wazazi, kwa nauli aliyoikopa, akalitazama bango lile toka juu hata chini akitafuta jina la mwanawe, asilione. Alikuwa amemwandikia mapema kwamba ataliona. Mama hakumwuliza kitu, nalo ndilo lililomchoma zaidi.

Bango nimeliandika upya. Lina majina mawili, na lake ni la kwanza, nalo limebandikwa mlangoni pa chumba cha kompyuta. Yeye ameniomba nisimtaje hapa, kwa kuwa hataki kuhurumiwa gazetini. Lakini siku ile ya mama haiwezi kufukuliwa kama anwani ya kurudi.

Narudi kwa Neumann. Wazo la ghala moja lilienea upesi. Huko Manchester, Uingereza, tarehe 21 Juni 1948, mashine ndogo yenye maneno 32 tu ya kumbukumbu iliendesha programu iliyohifadhiwa ndani yake, nayo ndiyo ya kwanza ya namna hiyo. Neumann na wenzake waliunda yao Princeton, ikazinduliwa rasmi mwaka 1952. Kumbukumbu yake ilikuwa na maneno 1,024, kila moja biti 40, yaani pungufu sana ya picha moja ya simu ya leo. Safari hii ramani za mashine hazikufichwa. Ziligawiwa kwa wote, na nchi kadhaa zikaunda mashine kwa kuzifuata. Mke wake wa pili, Klára, naye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika programu.

Hatari ya ghala moja nayo haikufa. Mwezi wa Novemba 1988 programu moja hatari ilienea katika mtandao kwa kumwaga data nyingi kuliko nafasi iliyowekwa katika staki. Data ile ilifurika ikaifunika anwani ya kurudi, na mashine ikaruka kwenda kutekeleza amri za mgeni zilizoingia kwa sura ya data. Ndiyo sababu prosesa za kisasa zina alama ya kuzuia staki na hipu zisitekelezwe kama amri. Ni dawa ya ugonjwa ule ule ambao taarifa ya mwaka 1945 ilijaribu kuukinga kwa alama ya mwanzo wa neno.

Mwaka 1955 Neumann aliugua saratani. Mwaka 1956 alipokea nishani toka kwa Rais Eisenhower akiwa katika kiti cha magurudumu. Ugonjwa ukapanda hata kichwani. Husimuliwa kwamba ndugu yake alipomsomea kitandani kitabu cha Faust, na kutua ili afunue ukurasa, mgonjwa aliendelea mwenyewe kwa kumbukumbu. Lakini baadaye hata hiyo ilianza kumtoka. Binti yake, Marina, alikuja kusimulia kwamba baba yake alimwomba ampime kwa hesabu ndogo ndogo za kujumlisha, kama za watoto, naye hakuvumilia kubaki chumbani. Alifariki tarehe 8 Februari 1957, mjini Washington, akiwa na umri wa miaka 53. Kitabu alichokuwa akikiandika, kinacholinganisha kompyuta na ubongo, kilitoka mwaka 1958 bila kumalizika.

Basi hayo ndiyo maisha ya mtu aliyeieleza dunia jinsi ya kutunza kumbukumbu, kisha yake mwenyewe ikamponyoka. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza wakija kujifunza kuandika programu, ninawaomba wakumbuke mambo mawili. Kila programu ndogo inayojiita yenyewe iwekewe mahali pa kukoma. Na mkifanya kazi wawili, andikeni majina mawili kabla ya kubandika bango, maana wazazi huja siku moja tu kwa muhula.